Niko Madina kwa Umra: je, niende kuona majumba ya watu wa Nabii Swaleh?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni dada kutoka Tanga, nimefika Madina juzi kwa Umra pamoja na mama, kaka yangu na jirani zetu wawili wanawake. Kuna dereva mmoja anazungumza Kiswahili vizuri. Ametuambia kwa kutwa moja atatupitisha Khaybar kisha Al-Ula, tukaone majumba ya watu wa Nabii Swaleh yaliyochongwa milimani, na usiku atakuwa ametufikisha hotelini. Gari litakuwa letu peke yetu, na yeye ndiye atakayetueleza kila kitu. Kaka magoti yanamsumbua, anasema twende sisi wanawake tu. Lakini mama amesikia kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia pale. Dereva anasema hiyo ni ziara ya Kiislamu kwa sababu mahali penyewe pametajwa kwenye Qur'ani, na tena eti yale ni makaburi ya watu wengine kabisa, si ya Thamud, yaani hao watu wa Nabii Swaleh. Je, twende? Na tukienda si tutaharibu zile sala arubaini za mfululizo katika Msikiti wa Mtume? Arubuni riali 200 amekwishaichukua.

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Msalimie sana mama, na umwambie alichosikia ni kweli, ila kimemfikia nusu.

Mahali hapo ni Hijr, ambapo watu wengi wanapaita Mada'in Swaleh. Qur'ani ina sura nzima yenye jina hilo, na ndani yake Mwenyezi Mungu anawataja watu wa Hijr waliokuwa wakichonga majumba katika milima wakijiona wako salama, kisha ukelele ukawachukua asubuhi. Mwaka wa 9 wa Hijra, katika safari ya Tabuk, Mtume (s.a.w.) alipita hapo na jeshi lake. Abdullahi bin Umar anasimulia, na hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba aliwaambia Maswahaba: msiingie kwa hawa walioadhibiwa ila mkiwa mnalia, msipokuwa mnalia basi msiingie, yasije yakakufikeni yaliyowafika wao. Kisha akajifunika kichwa kwa nguo yake, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde.

Hiyo ndiyo nusu iliyobaki. Mtume hakuifunga njia moja kwa moja, alimwekea mpitaji sharti, na sharti lenyewe ni hali ya moyo. Wanazuoni wametofautiana hapo. Wapo waliosema kuingia kwa matembezi ni haramu, wapo waliosema ni makuruhu, na wapo walioruhusu kwa mwenye kwenda kuzingatia, akaingia kwa unyenyekevu na kutoka upesi. Imam Nawawi, alipoieleza hadithi hii, alisema ndani yake mna mafunzo ya mtu kuwa macho na kumwogopa Mungu apitapo kwenye makazi ya madhalimu na penye adhabu, na akatoa mfano wa Wadi Muhassir, kati ya Muzdalifa na Mina, ambako hujaji huongeza mwendo.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza kama inajuzu, jiulize unachokwenda kufanya. Imam Ahmad amepokea kisa kingine cha siku hiyohiyo ya Tabuk (sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, imetiliwa shaka, lakini maana yake inalingana na ile hadithi sahihi). Watu walikimbilia kuingia kwenye yale majumba, Mtume akaamuru watu waitwe, wakakusanyika, akawauliza ni kipi kinachowaingiza kwa watu waliokasirikiwa na Mungu. Mmoja akajibu, "Tunawastaajabia."

Tunawastaajabia! Mtu huyo angefufuka leo angeajiriwa kuwa mwongozaji wa watalii. Maana kinachouzwa pale ni hicho hicho: kustaajabu. Ukisimama mbele ya lile jabali moja lililojitenga, Qasr al-Farid, utabaki mdomo wazi, na mkono utakwenda kwenye simu kabla ya ulimi kusema astaghfirullah. Simlaumu mtu kwa hilo, kwani ndivyo mahali palivyotayarishwa. Lakini Mtume alisema mkilia, na mtu hawezi kujipanga kwa picha na kulia kwa wakati mmoja.

Sasa hoja ya dereva. Kwa upande wa historia amesema jambo lenye ukweli, na sitaki umdharau. Zile sura kubwa za milango zinazoonekana pale ni makaburi ya Wanabati, watu ambao mji wao mkuu ulikuwa Petra, Jordan ya leo. Makaburi makubwa ni 111, na 94 kati yake yana nakshi. Baadhi yana maandishi juu ya mlango yanayotaja mwenye kaburi na mwaka wa utawala wa mfalme wao, na mengi ni ya karne ya kwanza Miladi. Thamud wa Nabii Swaleh ni wa zamani zaidi; katika Qur'ani wanatajwa kuwa walirithi nafasi baada ya kaumu ya Adi. Lakini hilo halimsaidii dereva. Mtume (s.a.w.) hakuwaonyesha Maswahaba mlango huu akaacha ule. Hadithi inasema watu waliteremka katika nchi ya Thamud, Hijr, na hukumu akaipa ardhi hiyo, visima vyake pia. Nani alichonga jabali gani na lini, hayo ni mazungumzo ya wataalamu wa mambo ya kale, nayo ni elimu nzuri, ila hayafuti maneno ya Mtume kuhusu bonde.

Nimetaja visima. Maswahaba walikuwa wamekwisha kuteka maji na kukanda unga. Mtume akawaamuru wayamwage maji, unga uliokandwa wawape ngamia, na wateke kutoka kisima alichokuwa akinywa yule ngamia jike wa Nabii Swaleh. Jeshi liko jangwani, wakati wa joto kali, na chakula kinakwenda kwa ngamia. Watu walilishika jambo hilo karne kwa karne. Ibn Battuta alipita Hijr mwaka 1326 na msafara wa mahujaji wa Sham (Syria), akaandika kwamba maji yalikuwa tele na watu wana kiu, lakini hakuna aliyeteka. Huyu ndiye Ibn Battuta wetu, aliyefika Mombasa na Kilwa miaka mitano baadaye. Kutoka hapo msafara ulikwenda Al-Ula, mji wenye mitende na chemchemi, wakapumzika siku kadhaa, wakafua nguo na kununua chakula.

Angalia tofauti hiyo, maana dereva amekuunganishia vitu viwili kwenye bei moja. Al-Ula ni mji kama miji mingine, na Hijr iko kaskazini yake, mwendo mfupi wa gari. Kutembea Al-Ula penyewe, kuona mji mkongwe wa udongo na mashamba ya tende, hakuna ubaya wowote. Khaybar nayo si mahali pa adhabu. Iliingia mikononi mwa Waislamu mwaka wa 7 wa Hijra, na mwenye kuipita akakumbuka sira amefanya vyema. Wala usije ukaichukua hadithi ya Hijr ukaibandika kwenye kila gofu. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama ni dhambi kuwapeleka wanafunzi wa madrasa Gedi au Kilwa Kisiwani. Subhanallah! Yale ni magofu ya wazee wetu waliokuwa wakiswali, yana mihirabu na misikiti. Huko mtu anaingia kwa adabu ya msikiti, anawaombea rehema waliotangulia, anarudi.

Sikubaliani kabisa na dereva kuiita hiyo "ziara ya Kiislamu". Neno letu ziara lina mizigo miwili, wa ibada na wa matembezi. Ziara ya waziri ni ziara, ziara ya makaburi ni ziara, na ziara ya mtalii nayo ni ziara. Mwenye kuuza safari anaupakia mzigo wa pili kwenye jina la kwanza, na nyinyi mnadhani mnanunua thawabu. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba hazifungwi safari ila kuelekea misikiti mitatu: Msikiti Mtakatifu wa Makka, msikiti wake wa Madina na Msikiti wa Aqswa. Wanazuoni wengi wamefahamu kwamba makusudio ni safari ya kutafuta ubora wa sala mahali fulani, si kwamba mtu haruhusiwi kusafiri kwa biashara, kwa elimu au kwa kutembea tu. Basi kwenda Al-Ula kutembea ni kutembea, liiteni hivyo. Kutajwa ndani ya Qur'ani si daraja: Firauni ametajwa pia.

Huko nyuma sayyidna Umar (r.a.), akirudi kutoka hija, aliona watu wanakimbilia mahali njiani kwa sababu Mtume aliwahi kuswali hapo. Akawaambia hivyo ndivyo walivyoangamia waliotangulia, kwa kuyafuata mabaki ya manabii wao. Sala ikikukuta hapo swali, isipokukuta pita. Lakini mwanawe mwenyewe, yule yule Ibn Umar aliyetupokelea hadithi ya Hijr, alikuwa akizifuatilia nyayo za Mtume, akiswali pale Mtume alipoteremka njiani. Baba na mwana, wote ni Maswahaba. Nakutajia ili usije ukamkaripia mwenzako katika msafara akipendelea upande mmoja. Ila hata Ibn Umar alikuwa akimfuata Mtume, na pale Hijr kumfuata Mtume ni kufunika kichwa na kuharakisha. Mtu akikuonyesha mwamba akasema ndimo alimotoka yule ngamia wa Nabii Swaleh, usiuguse kwa kutaka baraka wala usiswali hapo kwa kukusudia. Bukhari ameweka mlango juu ya kuswali penye maangamizi na adhabu, akataja kwamba sayyidna Ali alichukia kuswali katika maangamizi ya Babel.

Jambo ambalo hukuliuliza sana, nami naliona ndilo zito kwako, ni kaka kubaki hotelini. Kutoka Madina hadi Al-Ula ni zaidi ya kilomita 300 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Hiyo ni safari kwa kipimo chochote cha fikihi. Mtume (s.a.w.) amemkataza mwanamke mwenye kumwamini Allah na siku ya mwisho kusafiri mwendo wa mchana na usiku bila maharimu, yaani ndugu wa kiume asiyeweza kumwoa. Madhehebu yetu ya Shafi'i yamempa mwanamke nafasi ya kutoka na wanawake waaminifu kwa hija na Umra ya faradhi, na jirani zako hao, ikiwa hii ni Umra yao ya kwanza, wamo ndani ya nafasi hiyo. Lakini kauli yenye nguvu ni kwamba nafasi hiyo haivuki kwenda kwenye safari ya sunna, sembuse ya matembezi. Kule Hijr kwenyewe wageni hupandishwa magari ya wenyeji na waongozaji wao, hivyo hamtakuwa na dereva peke yenu. Tatizo ni zile saa nyingi za barabarani. Kwa hiyo bila ya kaka, jibu langu ni hapana. Kaka akipata nafuu na akikubali kufuatana nanyi, wewe na mama mtakuwa na maharimu wenu. Mnaweza kwenda mpaka Al-Ula. Hijr mkiiacha ndiyo salama yenu. Mkiingia, iwe ni kwa muda mfupi, bila vicheko, bila kula humo, na vichwa chini.

Sala arubaini zisikutie hofu. Hadithi inayosema mwenye kuswali sala arubaini mfululizo katika Msikiti wa Mtume huandikiwa kuepushwa na Moto, wanazuoni wengi wa hadithi wameidhoofisha, na wala si sharti la Umra wala la kuzuru. Wapo kina mama wanaougua Madina wakajiburura msikitini ili hesabu isikatike. Msifanye hivyo. Iliyo sahihi ni kwamba sala moja katika msikiti ule ni bora kuliko sala elfu kwingineko isipokuwa Msikiti wa Makka. Hesabu hiyo ndiyo ya kuipimia safari ya kutwa nzima.

Kuhusu riali 200: katika madhehebu yetu, na ndiyo kauli ya wengi, mwenye kupokea arubuni hana haki ya kuila mtu akighairi, anairudisha. Wahanbali wanaruhusu aibakize, na kwa kawaida ya nchi mliyomo huenda dereva akashikilia hilo. Msigombane naye ndani ya mji wa Mtume. Mwambieni abadilishe safari: kwa pesa hizo hizo awazungushe humo humo Madina. Hapo si safari, na mkiwa wanawake wanne ndani ya gari, kwa kauli mashuhuri kwetu, hakuna faragha iliyokatazwa. Awapeleke Uhud asubuhi kabla ya jua kali, mkawasalimie kwa mbali Sayyidna Hamza na mashahidi wenzake, kisha Quba. Mtume alikuwa akienda Quba kila Jumamosi, kwa miguu au juu ya mnyama, na imepokewa kwamba mwenye kujitwahirisha nyumbani kwake kisha akaenda kuswali humo ana ujira kama wa Umra. Kwa hiyo mtawadhe kabisa hotelini kabla ya kupanda gari, na kaka naye aje, Quba kuna viti.

Wallahu a'lam.