Nguzo katikati ya kanisa: fundi alikosea?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomea ujenzi. Nimeona picha ya ndani ya kanisa la Wajakobini, Toulouse, Ufaransa. Nguzo zimesimama katikati kabisa ya ukumbi! Haziwazibii watu altare?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hata mimi siku nilipoingia mle nilidhani nimekosea mlango.

Wajakobini hawa ni watawa Wadominiko, si wale wanasiasa wa Mapinduzi ya Ufaransa (hao walipata jina kwa kukutania katika nyumba ya watawa hao, Paris). Shirika lilianzia Toulouse hiyohiyo mwaka 1215, na kazi yake ni kuhubiri. Basi walipoanza kujenga mwaka 1230 walitaka kumbi mbili chini ya paa moja: huku watawa wasali sala zao, kule watu wasikilize mahubiri. Safu ya nguzo ndiyo mpaka. Kwa hiyo fundi hakukosea, alitii.

Utamu uko upande wa mashariki. Kanisa liliporefushwa, kumbi zote mbili ziliishia kwenye ukuta mmoja uliopinda. Sasa mbavu za dari (matao membamba yanayoibeba) zinazotoka kila upande zitue wapi? Fundi akazibebesha zote nguzo ya mwisho. Mbavu 22 zinachomoza kwenye kichwa kimoja na kutawanyika kama makuti, na wenyeji wanaiita nguzo hiyo Mtende. Dari iko mita 28 juu. Niliitazama mpaka shingo ikakaza, ndipo nikaona kioo kilichowekwa sakafuni, ukiinama unaona kila kitu. Nilijiona mjinga.

Kuta ni za matofali mekundu ya kuchoma, maana mawe yako mbali na udongo wa bonde la mto Garonne uko tele.

Nililosikitikia ni karne ya 19. Jeshi liliingia, likajenga sakafu za ghorofa humohumo kanisani, farasi wakafungwa chini. Ukarabati ulichukua miaka mingi, na mabaki ya mwili wa Mtakatifu Thomas Aquinas, mwanateolojia maarufu wa Wadominiko, yaliyoletwa Toulouse mwaka 1369 na kuhamishwa wakati wa Mapinduzi, yakarudi kanisani mwaka 1974.

Ukitaka kumwelewa fundi yule, chora ramani ya kanisa, kisha ufute Mtende. Hesabu mbavu zilizokosa pa kutua.