Mashine Ilinikata Pesa Bila Kunipa Noti

SWALI: Mhariri, nilitaka kutoa shilingi 6,000 kwenye mashine ya benki nyingine hapa Moi Avenue. Mashine ilinguruma, haikutoa hata noti moja, kisha ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba nimekatwa. Tawi lenye mashine lilinifukuza. Nifanye nini?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Pole sana ndugu yetu, kwani hiyo huenda ndiyo kodi ya nyumba. Malalamiko yako yapeleke kwa benki iliyokupa kadi, kwa kuwa ndiyo inayotunza akaunti yako na ndiyo itakayowasiliana na wenye mashine. Mashine huweka kumbukumbu ya kila muamala, na pesa zilizomo zinapohesabiwa, noti ambazo hazikutoka huonekana kama ziada. Kwa hiyo usifute ule ujumbe. Andika tarehe, saa na mahali, ujaze fomu, nawe usiondoke kaunta bila nambari ya malalamiko, maana maneno ya mdomo husahaulika mara zamu ya karani inapokwisha. Wakikuzungusha, iandikie Benki Kuu ya Kenya, iliyoko Haile Selassie Avenue, ukiambatisha nakala zote. Kukufukuza bila maelezo halikuwa jambo la haki hata kidogo.