Taa ya bodi inawaka, kompyuta haiioni

Swali: Assalaam alaykum fundi. Niko Wete, Pemba. Laptopu yangu ina Ubuntu 22.04, nimeshaweka Arduino IDE (programu ya kuandika na kupakia maagizo kwenye bodi), na bodi yangu ni Arduino Nano yenye CH340, chipu inayoiunganisha na USB. Nataka kumtengenezea bibi kengele ya mvua, ilie tone la kwanza likianguka karafuu zikiwa bado majamvini. Taa ya bodi inawaka, lakini kwenye orodha ya poti hamna kitu. Nimebadilisha bodi, mambo ni yale yale. Na je, naweza kuisimamisha programu katikati nikaona inafanya nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Bodi ya tatu usinunue. Taa kuwaka maana yake umeme umefika, basi. Ndani ya waya wa USB mna nyaya nne, mbili za umeme na mbili za data, na waya nyingi za kuchajia hazina hizo za data. Tafuta waya uliowahi kuhamishia picha kutoka kwenye simu au kamera.

Kisha fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, ndipo uchomeke bodi huku ukitazama. Pasipotokea mstari wowote, tatizo ni waya au tundu la USB. Lakini kwa Ubuntu 22.04 na CH340 nakisia utaona jambo jingine: mstari unaotaja `ttyUSB0`, yaani poti ya bodi yako, kisha punde tu mstari wenye neno `brltty`, halafu poti inapotea. Hapo bodi haina kosa lolote. `brltty` ni programu inayoendesha vifaa vya maandishi ya Braille kwa wasioona, na kuna vifaa vya aina hiyo vyenye namba ya utambulisho sawa na ya CH340, yaani `1a86:7523`. Programu inaidhania bodi yako ni kifaa chake na kuinyakua.

Kama nyumbani hakuna anayetumia kifaa hicho, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`, kisha chomoa bodi na uichomeke tena. Kama yupo, tafadhali usiiondoe. Izime tu ile kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa) yenye namba hiyo, ili mwenzako asikose kusoma kwa sababu ya mradi wako.

Poti ikishaonekana, huenda ukakataliwa ruhusa. Andika `sudo usermod -aG dialout $USER`, amri inayokuingiza kwenye kundi lenye ruhusa ya poti, kisha uzime laptopu na kuiwasha upya. Wengi huisahau hatua hii ya mwisho, wakadhani amri haikufanya kazi. Na kama kupakia programu kunagoma kwa ujumbe wa `not in sync`, nenda kwenye menyu ya prosesa uchague ATmega328P, chipu kuu ya Nano, yenye butiloda ya zamani (programu ndogo ndani ya chipu inayopokea programu yako). Hiyo huzungumza kwa kasi ya 57600, mpya kwa 115200. Kasi zikipishana hazisikilizani.

Kuhusu kuisimamisha programu katikati: kwa waya huo wa USB, Nano haiwezi. Chipu yake ina njia ya kusaka hitilafu iitwayo debugWIRE, inayopita kwenye pini ya RESET, nayo inahitaji kifaa maalumu. Kwa kengele ya mvua `Serial.println`, amri inayotuma maandishi kwenye kompyuta, inatosha. Chapisha namba ya kihisi kila nusu sekunde, kidondoshee maji kwa kidole, utazame namba inavyobadilika. Hapo ndipo utakapojua kengele ilie kwenye kiwango gani. Usichukue namba ya mtu mwingine.

Siku ukitaka kusimama kwenye mstari unaoutaka na kusoma vigeu, tafuta bodi yenye chipu ya STM32F103 na ST-Link, kifaa cha kusakia hitilafu zake. Unaunganisha pini za SWDIO (data), SWCLK (saa), ardhi na volti 3.3, unaweka `openocd`, inayozungumza na ST-Link, na `gdb-multiarch`, inayosimamisha programu, kisha GDB inajiunga na OpenOCD kwenye poti ya mtandao namba 3333, si tundu la USB. Mimi ningeanza na Nano, kwa sababu msimu hausubiri.

La mwisho, nalo ndilo linaloua kengele nyingi za namna hii: kibao cha kuhisi mvua usikiachie umeme muda wote. Umeme ukipita kwenye maji, shaba ya kibao inaliwa, na chumvi ya upepo wa pwani inazidisha. Kama kibao chako kinakula umeme kidogo, kilishe kutoka pini ya D7: iwashe, subiri kidogo, soma, izime.