Mwanafunzi wangu haoni, hesabu nimfundisheje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la nne katika shule ya kawaida wilayani Manyoni. Mwaka huu nimepokea mtoto asiyeona. Kwenye Kiswahili anajibu kabla sijamaliza kuuliza, ila kwenye hesabu anapotea. Anatumia sleti na stailasi, yaani fremu na kijiti chenye ncha cha kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona. Mwalimu mkuu anasema nimwache apumzike kipindi cha hesabu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asipumzike. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya elimu sawa na wenzake, na hesabu imo. Mtoto huyo hana kichwa kizito. Kinachomkwamisha ni kifaa alichopewa.

Hebu ishike hiyo sleti. Mtoto anatoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, na nukta zinatokeza upande wa pili. Ili asome alichoandika lazima aitoe karatasi na kuigeuza. Sasa unamwambia apange 38 juu na 27 chini, ajumlishe mamoja, apeleke 1 kwenye makumi. Kila hatua atoe karatasi, kisha airudishe palepale! Nani asingepotea? Sleti iachie kuandika swali na jibu. Kukokotoa kuna abakasi, fremu ya shanga za kuhesabia.

Abakasi ya wasioona iliundwa mwaka 1962 na Mmarekani Tim Cranmer, naye akiwa haoni. Kila safu ni tarakimu moja (mamoja, makumi na kuendelea), ina ushanga mmoja juu ya upau unaokatiza fremu, thamani yake 5, na shanga nne chini, kila mmoja 1; ushanga unahesabika ukigusa upau. Nyuma kuna kitambaa kizito kinachozizuia shanga zisiteleze vidole vinapopita. Ukikosa ya dukani, fundi seremala anaweza kukuchongea fremu ukampa waya na shanga. Hakikisha tu ameweka sponji nyuma, la sivyo mtoto akigusa ili asome, namba imeshabadilika.

Kaa naye mfanye 38 + 27. Kwenye makumi asogeze shanga 3 ziguse upau. Kwenye mamoja ashushe ushanga wa 5 na kupandisha 3. Hiyo ni 38. Sasa aongeze makumi 2: chini umebaki ushanga mmoja tu, kwa hiyo anashusha ule wa 5 na kuondoa 3. Aongeze 7: kwenye mamoja hapatoshi, basi anaongeza 1 kwenye makumi, anatoa 3 kwenye mamoja. Vidole vinasoma 6 na 5. Hapo muulize, "Mbona umetoa 3?" Akikujibu, "Kwa sababu 10 imeizidi 7 kwa 3," ameelewa kuliko wengi wanaonakili ubaoni.

Jingine ni mdomo wako. Sisi walimu tumezoea kugonga ubao kwa chaki na kusema, "hii ukitoa hii unapata hii." Asiyeona hajaambiwa kitu. Taja kila tarakimu, taja mabano yanapofunguka na yanapofunga. Darasa zima litafaidika.

Maumbo yabandike kwa uzi wa katani na gundi kwenye manila, ayapapase. Nawe jifunze tarakimu za nukta nundu jioni moja: kila herufi ina nafasi sita za nukta, 1 hadi 3 kushoto kutoka juu, 4 hadi 6 kulia. Alama ya tarakimu, inayotangulia namba, ni nukta 3, 4, 5 na 6, halafu herufi a ni 1, b ni 2, hadi i ambayo ni 9, na j ni 0. Utamsahihishia daftari mwenyewe bila kusubiri mtu.

SWALI: Binti yangu ana ualbino, yuko darasa la sita. Anajua hesabu, ila ananakili namba vibaya ubaoni, 3 inakuwa 8. Miwani anayo. — Mama wa Kahama

JIBU: Mama, miwani inasaidia, lakini kwa wengi wenye ualbino haimalizi uoni hafifu. Mwombe mwalimu amwandikie maswali kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi nene, amruhusu kuusogelea ubao, na asimkalishe akitazama dirisha, maana mwanga unamuumiza. Kofia aivae hata darasani. Mitihani nayo iwe na maandishi makubwa na muda wa ziada. Lizungumzeni hilo na mwalimu mkuu sasa, msisubiri wiki ya mtihani.