Ukikabidhiwa kadeti wapya West Point, lichunge jibu la nne

Kadeti mpya wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, akiulizwa na mkubwa wake ana majibu manne tu: "Ndiyo, afande", "Hapana, afande", "Sina kisingizio, afande" na "Afande, sijaelewa". Matatu ya mwanzo utayasikia kutwa kucha. La nne hukauka mapema usipoangalia, na seksheni inayoogopa kusema "sijaelewa" itaficha pia malengelenge, homa na buti linalobana.

Kadeti wapya huanza na mafunzo ya awali ya wiki sita hivi za kiangazi, na wakufunzi wao ni kadeti wenzao wa miaka ya juu. Haikuwa hivyo siku zote: Douglas MacArthur, alipokuwa mkuu wa chuo kati ya 1919 na 1922, aliwaondolea kadeti kazi hiyo kwa sababu ya uonevu. Kwa hiyo ukipewa watu wako kumi, jua umepewa kitu kinachoweza kunyang'anywa. Hata kumnyoosha mtu bega, omba ruhusa kwanza ndipo umguse.

Anza na kwata, maana huko ndiko kunakojulikana kama unafundisha au unapiga kelele tu. Chukua "nyuma geuka" ya Kimarekani. Ncha ya mguu wa kulia inapelekwa nyuma kiasi cha nusu ya urefu wa unyayo, kushoto kidogo ya kisigino cha kushoto. Uzito unabaki mguu wa kushoto. Kisha mwili unazungukia kulia nyuzi 180 juu ya kisigino cha kushoto. Anayepepesuka, tazama ncha ya buti lake: ama ameipeleka mbali mno, ama ameinyoosha nyuma tu bila kuiingiza kushoto. Rekebisha hapo, mengine yatajipa. Kadeti aliyetoka Tanzania au Kenya ana shida ya pekee, kwani kwata ya asili ya Kiingereza imemzoesha kugeukia kisigino cha kulia na kumalizia kwa kupiga mguu chini. Mfundishe kwa kuhesabu, moja, halafu mbili, polepole, mpaka miguu isahau ya zamani.

Miguu yenyewe ikague kila usiku kwa tochi, soksi zikiwa zimevuliwa. Usiulize "kuna mwenye tatizo?", maana wote watajibu "Hapana, afande". Sema "nionyeshe kisigino". Unatafuta wekundu wenye joto, kabla lengelenge halijajaa maji. Ngozi iliyolowa jasho hulainika, na soksi iliyokunjamana huikwangua. Ndiyo maana soksi nyembamba ndani na nene juu husaidia, zikibadilishwa zikilowa. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka. Lengelenge likishatumbuka, ngozi ya juu isichunwe. Mpeleke kwa tabibu wa kikosi. Matembezi ya kufunga mafunzo, yale ya kurudi chuoni kutoka kambi ya mazoezi ya Camp Buckner, kwa kawaida ni maili 12, karibu kilomita 19, na wekundu uliopuuzwa jana utalipwa huko.

Maji nayo yana kosa la pande mbili. Kiongozi mgeni akiona joto hupiga kelele "kunywa, kunywa!", na mtiifu hunywa mpaka chumvi ya damu inazimuliwa. Kikomo cha jeshi la Marekani ni kwati 1.5 kwa saa, kama lita 1.4, yaani chupa ya kijeshi moja na nusu; na kwa siku zisizidi kwati 12, kama lita 11.4. Anayeumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa anaweza kuwa amepigwa na joto au amezidisha maji, na huwezi kutofautisha kwa macho. Ita tabibu mara moja. Wakati anakuja, muulize mwenzake wa chumba: amekunywa chupa ngapi, amekula nini? Asiyekula huku anakunywa sana ndiye wa kuhofiwa. Mwili unahitaji karibu wiki mbili kuzoea joto, kwa hiyo siku za mwanzo usipime ushupavu wa mtu kwa jua.

Njiani, mapumziko ya kwanza ni baada ya dakika 45, nayo huwa dakika 15. Wengi huyatumia kuketi. Watu wako wakaze kamba za buti na kukagua soksi kwanza. Na yeyote atakayesema kisigino kinamuwaka, mbandike plasta hapo hapo bila kejeli. Wenzake tisa wanasikiliza utamjibu vipi.