Maswali ya wasomaji: Lami ya getini na ya maegesho, mbona inapasuka mapema?

Mwezi huu maswali ya lami yamekuwa mengi, na si lami ya barabara kuu, ni hii ya kutoka getini mpaka mlangoni na ile ya sehemu za kuegesha magari. Yanayofanana nimeyaunganisha. Wengi mnauliza kuhusu kile cheusi cha juu, mi ntawarudisha chini kila mara maana shida nyingi ziko huko.

Shikamoo fundi. Nataka kuweka lami nyumbani, gari zinazoingia ni mbili tu na ni ndogo. Fundi wa kwanza kasema inchi mbili za lami zinatosha na anaanza hata kesho. Wa pili anataka achimbe kwanza karibu futi nzima na bei yake iko juu mno. Nimsikilize nani? – Mwenye nyumba mpya

Marahaba. Msikilize wa pili, ila muulize hiyo futi ataijaza na nini.

Iko hivi, ukichukua lami ya moto ukaipima, karibu asilimia 95 ya uzito wake ni kokoto na mchanga, bitumini ni kama asilimia 5 tu, hiyo ndo gundi. Kitu cha namna hiyo kinapinda, hakijisimamii chenyewe, kinafuata kilichoko chini yake. Kwa hiyo udongo ukibonyea na lami inabonyea, ikishabonyea inapasuka, ikipasuka maji yanaingia na udongo unazidi kulainika, hapo ushaanza safari ya viraka.

Sasa kazi yenyewe inavyotakiwa iende. Udongo wa juu wenye mizizi na majani uondolewe wote, usiachwe hata kidogo kwa sababu majani yakioza panabaki uwazi. Ardhi iliyobaki ishindiliwe. Juu yake ije besi ya kokoto zilizosagwa, zenye kona kona na zilizochanganyika na vumbi lake, sentimita 15 mpaka 20 kwa gari ndogo, na kama udongo wako ni mfinyanzi unaoshika maji basi ongeza. Usikubali mawe ya mviringo ya mtoni, yale hayashikani, ukiyabana huku yanatokea kule. Besi imwagwe kwa matabaka na kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu kidogo, siyo kumwaga lote kwa mpigo alafu rola ipite juu mara mbili watu waende kula.

Kabla lami haijaja omba lori lenye mzigo lipite juu ya besi polepole, we chuchumaa pembeni uangalie tairi. Besi ikiwa imara tairi inapita na huoni kitu kikitikisika. Ikiwa laini utaona ardhi inajikunja mbele ya tairi na kurudi nyuma likishapita, na mahali hapo pachimbuliwe siku hiyo hiyo maana hakuna lami itakayoficha hilo.

Lami yenyewe kwa gari ndogo ni sentimita 5 hadi 7.5, na tafadhali kwenye makubaliano yenu muandike "baada ya kushindiliwa". Lami ikimwagwa imevimba, rola ikipita inashuka karibu robo, kwa hiyo aliyekuahidi inchi mbili akamwaga inchi mbili atakuachia inchi moja na nusu tu. Halafu mteremko: angalau sentimita 2 kwa kila mita 1, na uelekee mbali na ukuta wa nyumba. Pembeni nako kushikiliwe na udongo ulioshindiliwa au kingo za zege, ukingo ulioachwa wazi unamegeka gari likiukanyaga.

Fundi habari. Kuna vijana wamepita na lori, wanasema wametoka kazini jirani lami imewabakia, wananipa kwa nusu bei nikikubali sasa hivi. Kweli hiyo ipo? – Nimebaki njia panda

Nzuri ndugu yangu. Usikubali.

Nakuambia kwa sababu ya joto tu, hata kama vijana wenyewe ni watu wazuri. Lami ya moto inatoka kiwandani ikiwa kwenye nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na rola inatakiwa imalize kazi kabla haijashuka chini ya 80. Iliyobaki mahali, ikapanda lori, ikazungushwa mtaani kutafuta mteja, hiyo inaendelea kupoa, na lami iliyopoa haishindiliki, utabaki na vitobo vingi ndani ambavyo maji yanapenda sana. Na nani atakutengenezea besi kwa nusu saa? Wataimwaga juu ya udongo au juu ya majani kabisa, nyembamba, inang'aa siku ya kwanza, na ikianza kubanduka wao hutawapata tena. Fundi wa kweli anapima eneo, anaagiza kiasi chake, anakupa karatasi yenye unene wa besi na unene wa lami.

Na kwa wale ambao lori lao halali liko njiani: angalieni limefunikwa turubai, na muulize bodi imepakwa nini ili lami isigande. Kuna wanaopaka dizeli, na dizeli inalainisha bitumini, utakuja kuona sehemu zinachimbika bila sababu. Mvua ikianza, kazi isimame, na hapo usimwonee mtu aibu.

Nasimamia maegesho ya jengo la ofisi. Sehemu linaposimama lori la taka pamepasuka vipande vidogo vidogo, tumeziba mara kadhaa na kila masika panafumuka upya. Magari madogo ni mengi kuliko hilo lori lakini wanakoegesha wao hapana shida. Tatizo ni lami mbovu? – Msimamizi

Msimamizi, swali lako ni zuri mno na ntakaa nalo.

Nyufa hizo zilizoshikana kama ngozi ya mamba zina maana moja, chini pameshachoka. Chukua bisibisi ubandue kipande kimoja katikati ya hizo nyufa, nina imani utakuta kinatoka kirahisi na mgongo wake una tope, ukiingiza kidole chini unakuta kokoto zimeloa na zimechanganyika na udongo. Sasa kiraka kikiwekwa juu ya tope kitashikwa na nini?

Kuhusu lori: gari kumi ndogo hazilingani na lori moja, wala mia. Kulikuwa na jaribio kubwa la barabara huko Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yakazungushwa juu ya vipande vya barabara vya unene mbalimbali mpaka viharibike, na kilichoonekana ni kwamba ukiongeza uzito wa ekseli (kile chuma cha chini kinachobeba tairi za kulia na kushoto) mara mbili madhara yanaongezeka takriban mara 16. Ndo maana upande wa gari ndogo pametulia. Tena hilo la kwako linasimama palepale, linanyanyua pipa, linakata kona likiwa limesimama, yaani ni mateso matupu kwa lami.

Dawa ni kukata. Chora mraba unaovuka nyufa zote mpaka ufike kwenye lami nzima, kata kwa msumeno ili kuta zisimame wima, toa lami, toa na besi iliyoloa mpaka ukute pakavu pagumu. Jaza kokoto zilizosagwa, shindilia kwa matabaka. Kuta za shimo zipakwe bitumini ya kushikisha, wengi wanairuka hii hatua na ndo maana viraka vinabanduka pembeni. Lami ya moto imwagwe kwa matabaka, kila moja lishindiliwe, la mwisho libaki juu kidogo tu ya lami ya jirani, kisha ule mstari wa maungio uzibwe maji yasipite.

Ila kwa ushauri wangu wa dhati, mahali pa lori la taka peke yake piga zege lenye nondo, lifike mpaka zinapokanyaga tairi za mbele lori likiwa linanyanyua pipa. Zege linasambaza mzigo na halilegei kwa jua. Kwingine acha lami. Na kama njia ya lori kutoka getini nayo ni nyembamba, siku ya ukarabati iwekwe lami ya sentimita 10 au zaidi kwa matabaka mawili juu ya besi nene.

Jambo jingine, tafuta maji yanatoka wapi. Chunguza bomba la paa linamwaga wapi, mtaro umeziba au la, bustani ya jirani inamwagiliwa ikielekea kwako au vipi. Maji yasipohamishwa utaniandikia tena.

Lami yangu ni mpya, gari limeacha alama za tairi na stendi ya pikipiki imezama. Nimeibiwa?

Hapana, tulia. Lami mpya inaendelea kukaza kwa miezi kadhaa, na jua kali linailainisha. Gari ndogo subiri siku 2 au 3 kabla ya kuingiza, joto likizidi ongeza. Usizungushe usukani gari likiwa limesimama, litembee kwanza kidogo ndo ukate kona. Chini ya stendi, jeki au ngazi weka kipande cha ubao. Alama ndogo zitapungua zenyewe. Lakini ikiwa mwaka umepita na bado inazama ukikanyaga kwa kisigino, hapo mwite fundi, inawezekana bitumini ilizidi.

Dada yenu naomba msaada, gari linavujisha oili na pale chini pamekuwa laini. Pia kila ninayemuuliza ananiambia nipake sili mara moja, kweli? – Mama wa gari kuukuu

Pole dada. Oili, dizeli na petroli ni ndugu wa bitumini, wote wametoka kwenye mafuta ghafi, kwa hiyo zinaiyeyusha. Ikimwagika leo, mwagia mchanga mkavu au maranda, acha inyonye, fagia, kisha sugua na sabuni ya unga na maji. Palipokwisha kulainika hapasafishiki tena, pakatwe pazibwe upya. Na gari litengenezwe dada, la sivyo ni kazi bure.

Sili, ile nyeusi nzito inayopakwa juu, inasaidia kuzuia jua na mafuta ila haibebi mzigo na haizibi nyufa kubwa. Lami mpya iache miezi 6 hadi 12 kwanza. Baadae kila miaka 3 mpaka 5 inatosha, ukipaka kila mwaka inajenga magamba na kubanduka. Zoa vumbi, ziba nyufa, paka koti mbili nyembamba, funga geti siku nzima au zaidi. Soma kopo: chagua iliyotengenezwa kwa bitumini, achana na ya lami ya makaa ya mawe, ina kemikali ambazo baadhi zinasababisha saratani na mvua inazibeba mpaka mitoni. Mji wa Austin, Texas uliipiga marufuku 2006 na jimbo la Washington likafuata 2011.

Naweza kumwaga lami mpya juu ya kuukuu? – Mzee wa getini

Mzee wangu, unaweza, kama ya zamani imechakaa juu tu na chini ni ngumu. Nyufa zizibwe kwanza maana zitapanda mpaka juu, uso usafishwe, ipakwe bitumini ya kushikisha, ndo lami ya sentimita 4 au 5 ije. Kumbuka uwanja utapanda kwa kiasi hicho, kwa hiyo pima mlango wa gereji na mifuniko ya chemba kabla, pengine itabidi kukwangua kidogo. Penye ngozi ya mamba usifunike, kata kama nilivyomwambia msimamizi. Na malipo ya mwisho yabaki mkononi mpaka lami ipoe na mmwage maji juu yake, mtembee pamoja na fundi mkiangalia yanapoelekea, yakituama mahali apawekee alama ya chaki na aparekebishe ndo umlipe.