Unapokwenda kumhoji mzee aliyerusha ndege ndogo vitani

Kama umejitolea kurekodi kumbukumbu za wanajeshi wastaafu huku Marekani, na umepangiwa rubani wa ndege ndogo ya Bird Dog wa Vita vya Vietnam, usianze na "ulijisikiaje?" Wazee hawa wameulizwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na wana jibu fupi la kukufukuzia. Muulize alikaaje ndani ya ile ndege.

Ila soma kwanza. Bird Dog ilitengenezwa na kampuni ya Cessna. Jeshi liliiita L-19, na kuanzia 1962 ikawa O-1. Injini moja ya nguvu za farasi 213, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, mabawa juu, gurudumu dogo mkiani. Chini ya mabawa ilibeba roketi chache za fosforasi nyeupe, kazi yake kutoa moshi wa kuonyesha shabaha. Rubani alizunguka polepole juu ya msitu, akatafuta adui, akapiga moshi, kisha akawaelekeza marubani wa ndege za kivita wapige wapi kutokana na moshi ule. Ukienda hujui hata hayo, mzee atakufundisha kama mtoto wa chekechea na muda wote utaishia hapo.

Swali ambalo halijaniangusha ni la redio: "Ulikuwa unasikiliza nani?" Ndani ya kile kindege mlikuwa na redio tatu: moja ya askari walio chini, moja ya ndege za kivita, moja ya marubani wenzake na waongozaji. Mtu mmoja anashika usukani, anasoma ramani gotini, na sauti tatu zinamwingia kwa pamoja. Pengine ya chini ni ya kijana anayenong'ona kwa sababu adui yuko karibu. Mzee akianza kueleza nani alisema nini, na yeye akamjibu nani kwanza, mambo yanajipanga yenyewe. Ile hofu uliyotaka kumuuliza utaisikia humo humo.

Ataanza pia kuonyesha kwa mikono. Kama unarekodi sauti tupu, mikono hiyo inapotea, kwa hiyo itie maneno: "Hapo unaandika kwenye kioo cha pembeni?" Atakwambia ndiyo, kwa penseli ya nta: masafa ya redio, mahali walipo askari. Wengine walichora alama kwenye kioo cha mbele ili kulengea roketi. Wengi watakutajia fulana ya kuzuia vipande vya mabomu waliyoikalia badala ya kuivaa, maana risasi zilitoka chini. Watacheka wakisema hivyo. Wewe usikimbilie kucheka.

Masikio yao mengi yameharibiwa na injini na redio. Uliza mapema ni sikio lipi linasikia, kaa upande huo, sema taratibu. Kupiga kelele hakusaidii.

Akikosea mwaka au jina la kambi, mwache amalize. Andika pembeni, kisha mwishoni muombe daftari lake la safari za angani mlipitie pamoja. Mara nyingi atajisahihisha mwenyewe, na daftari litaibua safari aliyokuwa ameisahau kabisa.

Wapya wengi wanawakimbilia mashujaa. Habari za Hilliard Wilbanks, rubani wa Bird Dog aliyekufa Februari 1967 karibu na Da Lat baada ya kuishiwa roketi na kuendelea kushuka chini akifyatua bunduki kupitia dirishani, zimeshaandikwa, na alipewa Nishani ya Heshima, ya juu kabisa jeshini Marekani. Ambaye hajaandikwa ni fundi aliyeziba matundu ya risasi usiku ili ndege iruke alfajiri. Kwangu mimi huyo ndiye wa kutafutwa kwanza. Halafu yule mwangalizi wa kiti cha nyuma.

Tena usisahau Wavietnamu wa Kusini, waliorusha ndege hizo hizo. Aprili 1975 Meja Buang-Ly alimpakia mkewe na watoto watano ndani ya Bird Dog ya watu wawili, akaruka hadi baharini na kudondosha karatasi juu ya Midway, manowari ya Marekani ya kubebea ndege, akiomba nafasi ya kutua. Nahodha Lawrence Chambers aliamuru helikopta zisukumwe baharini, na wakatua salama. Ndege yenyewe iko kwenye makumbusho ya Pensacola. Majirani zako wakimbizi wa Kivietnamu wanaweza kuwa na mengi ya enzi hizo. Kanda zao zipeleke Kituo cha Vietnam cha Chuo Kikuu cha Texas Tech, kwa kuwa mradi wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa kukusanya kumbukumbu za wanajeshi wastaafu ni wa waliotumikia jeshi la Marekani.

Mradi huo unataka mahojiano ya dakika 30 au zaidi, yasiyokatwakatwa, kwa hiyo ukimya wa mzee uache ulivyo. Na jazeni fomu za mradi kabla ya kuwasha kinasa sauti; mkimaliza yeye atakuwa amechoka, na wewe basi limeshakuacha.